Mshono Kabla ya Kisu

Ng'ombe na mbuzi wanaozurura mitaa ya Nairobi ya Dandora, Kariobangi na Korogocho hula kinachopatikana: maganda ya viazi, mabua, masazo ya hoteli, pamoja na mfuko uliofungiwa masazo hayo. Chakula husagika, plastiki hubaki. Hujisokota na kamba na nyuzi za gunia mpaka tumbo kubwa lishikwe na donge lisilokwenda mbele wala nyuma. Mnyama hukonda huku ubavu wa kushoto umetuna kana kwamba ameshiba. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini ile ya zamani haijaoza jaani.

Hakuna dawa ya kunywesha inayoyeyusha donge hilo. Hapo huitwa daktari wa mifugo anayejua kupasua, na kazi yake naistahi mno.

Farasi au punda akipasuliwa utumbo, kwa kawaida hulazwa chali kwa nusu kaputi, penye vifaa vya gharama kubwa. Ng'ombe hupasuliwa amesimama, macho wazi. Ubavu wa kushoto hunyolewa, huoshwa na kurudiwa kuoshwa, kisha hudungwa ganzi. Ngozi hukatwa wima, halafu misuli, tabaka kwa tabaka, hadi tumbo lionekane.

Mwenye pupa angelipasua papo hapo. Fundi hushona kwanza. Huvuta sehemu ya ukuta wa tumbo mpaka nje, akaishikiza kwenye ngozi kwa mishono ya karibukaribu, pande zote. Uchafu ukimwagikia ndani ya mwili, mnyama anaweza kufa kwa uambukizo hata kama plastiki yote imetoka. Na mshono huo, alioushona kwa uangalifu wote, ataufumua mwenyewe kazi ikiisha. Mimi ufundi wake naupimia hapo.

Kisha mkono wenye glovu ndefu huzama hadi begani. Macho hayamsaidii, vidole ndivyo vinavyotenga nyasi zilizolowa na nailoni. Donge hulegezwa humo humo, likatolewa vipande vipande, likinuka uchachu. Mkono husogea pia mbele, kwenye chumba cha pili cha tumbo, kusaka misumari na nyaya, kwa kuwa chuma hutua huko, jirani na moyo.

Tumbo hufungwa kwa mishono miwili juu kwa juu, kingo zikikunjiwa ndani, kwa uzi unaoyeyuka. Glovu na vifaa vilivyogusa uchafu hubadilishwa kabla misuli haijaguswa. Baadaye ng'ombe anaweza kunyweshwa maji ya tumbo la mwenzake mwenye afya, ili apate upya vijidudu vya kusaga chakula. Nyuzi za ngozi hutolewa baada ya wiki mbili hivi, ila daktari huanza mapema zaidi kumwangalia kama anacheua.