Wiki za Maji Matupu

Tangi lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60 hubeba lita 720. Mfugaji makini wa samaki wa mapambo hulijaza, hupanga mawe, hutandaza mchanga, huwasha pampu na hita, kisha hukaa wiki 4, 5, pengine 6, bila kutia samaki hata mmoja. Mgeni akipita huona maji yanayozunguka mawe, akauliza samaki wako wapi. Kwangu mimi, hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kulisha samaki hata mtoto anaweza. Kuyakomaza maji kunataka mtu anayeweza kuilea kazi asiyoiona kwa macho, wala asiiharakishe.

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua. Ziwani amonia hiyo hupotea katika wingi wa maji. Ndani ya vioo haina pa kwenda, nayo huyaunguza matamvua yaleyale yaliyoitoa. Wanaookoa ni bakteria. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu: huingia kwenye damu ikaizuia kubeba oksijeni, hata damu ikawa na rangi ya kahawia. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka itakapopunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hujishika kwenye sponji, kwenye vigae vya chujio, juu ya mawe na mchanga, nao huzaliana polepole mno wakilinganishwa na bakteria wanaochachusha chakula.

Elimu hii ilipatikana kwa watu waliojua kungoja. Mwaka 1850 Robert Warington, mkemia wa London, alieleza jinsi alivyofuga samaki wa dhahabu, mimea ya majini na konokono katika chombo kimoja, kila mmoja akimfaa mwenzake. Mwaka 1877, nchini Ufaransa, Théophile Schloesing na Achille Müntz walipitisha maji machafu taratibu katika mrija mrefu wenye mchanga na chokaa. Kwa siku 20 amonia ilitoka kama ilivyoingia. Baadaye ikaanza kutoka nitrati. Walipotia mvuke wa klorofomu, mabadiliko yakakoma, wakajua kwamba mchangani mlikuwa na viumbe hai. Mtoto wa Warington, ambaye naye aliitwa Robert, alionyesha huko Rothamsted, Uingereza, kwamba kazi hiyo ina hatua mbili, na mwaka 1890 Sergei Winogradsky akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe. Mwaka 2015 watafiti wakatangaza jambo lingine: baadhi ya bakteria wa jenasi Nitrospira hukamilisha hatua zote mbili peke yao. Mimi huvutiwa zaidi na zile siku 20. Mwenye pupa angeuvunja mrija siku ya 19, akasema hakuna kitu.

Subira hiyo haina mbadala pale tangi linapoandaliwa kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, kama wale wa jenasi Tropheus wanaokwangua mwani kwenye miamba ya pwani ya Kigoma. Maji ya ziwa lao yana pH inayokaribia 9. Katika nyuzi 25 na pH 7, ni chini ya asilimia 1 ya amonia inayokuwa katika hali yake kali ya sumu. Kwenye pH 8 hufika asilimia 5 hivi. Kwenye pH 9 huzidi asilimia 30. Kiasi kilekile ambacho samaki wa mto wenye maji laini angeweza kukistahimili, hapa huua.

Kwa hiyo mfugaji huanza na maji ya bomba. Huyaacha yakipuliziwa hewa mpaka klorini itoke, maana dawa inayoua vijidudu kwenye maji yetu ya kunywa haiwabagui wale anaowataka. Huongeza mchanga wa chokaa au kombe zilizosagwa, kwa sababu bakteria wanapofanya kazi hula karbonati ya maji, nayo ikiisha pH huporomoka na kazi husinzia. Akiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye afya, humwomba kipande cha sponji kutoka kwenye chujio lake na kukitia katika chujio jipya, kama mama wa Kimasai anavyobakiza maziwa ya jana kibuyuni ili ya leo yagande.

Halafu huwalisha bakteria. Kwa lita 720, amonia kloraidi isiyofika gramu 5 inatosha kufikisha miligramu 2 za amonia kwa lita. Hupima kwa mizani ndogo, wala hazidishi kwa kudhani kwamba chakula kingi kitaleta haraka, kwa kuwa amonia ikikithiri huwachelewesha wale wa kundi la pili. Kila baada ya siku chache huchota maji katika vichupa, hudondoshea dawa za kupimia, husubiri rangi ijitokeze, huilinganisha na kadi na kuandika daftarini. Siku za mwanzo daftari halina habari. Kisha amonia huanza kushuka, nitriti ikapanda, ikakaa juu kwa siku nyingi. Kipindi hiki ndicho kinachowavunja moyo wengi, kwani wanaona sumu moja imeondoka na nyingine imeshika nafasi yake. Anayeijua kazi husoma rangi hiyohiyo kama habari njema: kundi la kwanza limeshasimama, la pili liko njiani.

Muda wote huo hulinda pumzi yao. Kila gramu 1 ya nitrojeni inayogeuzwa kutoka amonia hadi nitrati hutumia zaidi ya gramu 4.5 za oksijeni. Umeme ukikatika, maji yaliyofungiwa ndani ya chujio huishiwa hewa upesi, na kazi ya mwezi huweza kuharibika usiku mmoja. Kwa hiyo pampu ya hewa ya betri huwekwa karibu kabla giza halijaingia.

Tangi huhesabiwa limekomaa pale dozi kamili ya amonia inapotiwa leo na kesho yake, saa ileile, amonia na nitriti zote zikasoma sifuri. Mfugaji hurudia jaribio hilo ili awe na hakika, kisha hubadilisha sehemu kubwa ya maji kuiondoa nitrati iliyolimbikizana.

Hapo faida ya kungoja huonekana wazi. Samaki wa Tropheus ni wakali. Ukiwaingiza wawili leo na watatu wiki ijayo, wenyeji huwaandama wageni mpaka wawaue. Inafaa waingie kundi zima kwa siku moja, ili ugomvi wao ugawanyike. Tangi ambalo halijakomaa haliwezi kuubeba mzigo huo. Lililokomaa hupokea samaki 20 kwa pamoja, na vichupa vya kesho yake vikabaki na rangi ya sifuri.

Kuanzia siku hiyo bakteria ni mifugo kama samaki walivyo. Sponji ikichafuka, mfugaji huikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyochotwa tangini, hata kama bomba liko hatua mbili tu. Anayeisuuza bombani kwa ajili ya wepesi huweza kuzifuta wiki zake 6 kwa dakika moja.