Waashi wa Msikiti wa Kongo

Kaskazini mwa ufuo wa Diani, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, Msikiti wa Kongo umesimama katikati ya mibuyu. Unakadiriwa kuwa wa karne ya 14 au ya 15, na mpaka leo watu wanaswali ndani yake. Waashi walioujenga hawakuacha majina. Waliacha kazi yao.

Pwani hii ilimpa mwashi mawe ya aina mbili. La mwamba wa nchi kavu ni gumu. Lilivunjwa vipande likajaza kuta. Tumbawe lilikatwa baharini maji yakipwa. Likiwa bichi, tezo hulichonga bila shida, ndiyo maana lilipendwa kwa nakshi za kibla. Likishapigwa na upepo hushupaa. Ukilitazama kwa karibu utaona vitundu vidogo vilivyosongamana, makao ya viumbe waliolijenga.

Kisha chokaa. Magogo hupangwa duara, vipande vya matumbawe hurundikwa juu, tanuri huwashwa. Mawe yakiiva humwagiwa maji. Hutokota, hupasuka, huwa unga. Fundi mzuri hakimbilii kuutumia. Huuacha ulale, hata miezi, ndipo auchanganye na mchanga.

Ukuta hupandishwa kidogo kidogo: jiwe, chokaa, timazi, kisha kungoja ushike.

Kazi ngumu zaidi iko juu. Majengo mengi ya mawe pwani yalifunikwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, kwa kawaida mita 3 au pungufu. Lakini katika Msikiti wa Kongo waashi walijenga tao refu, mfano wa pipa lililopasuliwa nusu. Tao husimikiwa kwanza viunzi vya miti. Mawe hupangwa juu yavyo kutoka pande zote mbili mpaka yakutane kileleni, na viunzi haviondolewi kabla chokaa haijashika. Uzito wa tao husukuma kuta nje, kwa hiyo kuta lazima ziwe nene. Boriti mwishowe huoza. Tao la mawe halina cha kuoza.

Anayekarabati jengo la namna hii leo hushawishika kutumia saruji kwa kuwa hushika upesi. Lakini saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta, nao huila kazi ya wazee polepole. Chokaa huuachia unyevu utoke. Kwa hiyo fundi wa sasa naye hana njia ya mkato: achome, azime kwa maji, angoje.