Kisiwa cha Utopia: Shura Isiyo na Nasiha



Miongoni mwa vitabu vya Kizungu ambavyo vijana wetu huvikuta wanaposomeshwa siasa vyuoni ni Utopia cha Thomas More, Mwingereza aliyekitoa kwa Kilatini mwaka 1516. Kinasimulia kisiwa kisichokuwepo. Jina lenyewe limeundwa kwa Kigiriki kwa maana ya pasipo mahali. Huenda msomaji akauliza: fakihi ana haja gani na kisiwa cha kubuni? Ibn Khaldun naye katika Muqaddima aliipita haraka miji bora ya wanafalsafa, akaiona kuwa ni jambo la kukadiria tu, lililo mbali kutokea. Amesema kweli. Lakini anayebuni dola hudhihirisha anachokiogopa, na hofu ya More wanazuoni wetu waliijua vyema: mtawala kugeuka dhalimu.

Tuutazame muundo wake. Kisiwa kilitekwa na mfalme Utopus, akakiwekea sheria, na utawala wote baada yake umefungwa ndani ya sheria hizo. Kina miji 54. Katika kila mji, kaya 30 huchagua msimamizi wao kila mwaka, na wasimamizi hao jumla yao ni 200. Juu ya kila kumi kuna mkubwa wao. Hao 200 huapa kwanza, kisha humchagua mkuu wa mji kwa kura ya siri kutoka kwa watu wanne waliopendekezwa na mitaa minne ya mji. Mkuu hukaa maisha yake yote, isipokuwa akishukiwa kutaka kuwadhulumu watu. Hana taji, hujulikana kwa mganda wa nafaka unaobebwa mbele yake. Na kila mwaka kila mji hupeleka wazee watatu Amaurot kushauriana mambo ya kisiwa kizima.

Kuna mazuri humu ambayo hatuna sababu ya kuyakana. Jambo halijadiliwi barazani siku ile ile lilipoletwa, ili mtu asing'ang'anie neno lililomponyoka kwa kuona haya kulirudi. (Kamati nyingi za misikiti zingefaidika na kanuni hiyo.) Wachaguzi 200 nao wanakaribiana na ahlul-halli wal-aqdi wa al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, ingawa yeye aliwashurutisha uadilifu, elimu na hekima, na More akatosheka na kiapo.

Kasoro iko kwingine. Sheria ya Utopia inasema kwamba kushauriana mambo ya umma nje ya baraza au nje ya mkutano wa wachaguzi ni kosa la kuuawa. Sababu inatajwa: mkuu na wakubwa wasile njama ya kuwaonea watu. Nia ni njema, lakini sheria haikuwafunga wakubwa peke yao. Ni kweli kwamba mambo mazito hupelekwa kwa wasimamizi, nao huyazungumza na kaya zao. Huko, hata hivyo, ni kuulizwa. Mwenye kaya hana njia ya kuanza yeye. Sasa tujiulize: mkuu akianza kudhulumu, ile shaka ya kumwondoa itatoka wapi? Lazima kwanza mtu amtamkie mwenzake, njiani au sokoni. Kwa sheria hii wawili hao wameshastahiki kuuawa kabla baraza halijaketi. Kanuni ya kuilinda katiba imeiua ile ya kumwondoa dhalimu.

Fiqhi yetu ilishika njia nyingine. Aya ya 38 ya Suratush-Shura inawasifu waumini wote kwa kushauriana, na hadithi ya Tamim ad-Dari (r.a.) katika Sahih Muslim imeiweka nasiha kwa viongozi na kwa watu wa kawaida ndani ya dini yenyewe. Al-Mawardi, katika mlango wa hisba, anamtofautisha muhtasib aliyeteuliwa na anayejitolea kwa njia tisa. Aliyeteuliwa ana wasaidizi, ana ujira wa Baitul-Mali, anaweza kutoa taaziri. Anayejitolea hana hayo, lakini ulimi wake hakunyang'anywa: kwake ni faradhi ya kifaya. More kazi ya kuonya tabia aliwapa makuhani wasiozidi 13 katika kila mji, na kuadhibu akamwachia mkuu. Raia wa kumwonya mkuu hakuwekewa mlango.

Atasema msemaji kwamba vitabu vyetu pia vimemkinga mtawala, na hoja yake ina uzito. Al-Mawardi aliona kwamba ufasiki wa kufuata matamanio unamtoa imamu katika uimamu. An-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, amenukuu katika sharhe ya Sahih Muslim kwamba jumhuri ya Ahlus-Sunna hawamwondoi kwa ufasiki wala dhuluma, kwa kuogopa fitina na umwagaji damu. Palipofungwa mlango wa kumwondoa, nasiha ndiyo dawa iliyobaki, na hapo hapo an-Nawawi anaendelea kusema kwamba ni wajibu kumwaidhi mtawala huyo na kumtia hofu. Kauli hizo mbili zimefuatana. Wanaoinukuu ya kwanza mimbarini aghlabu huishia hapo.