Kete haitoi hadisi peke yake

Bandugu wa asosiasyo, kuna sheria moja ya mchezo ambayo nimegombana nayo tangu mwezi wa pili. Leo nataka kuandika kwa nini ni mbaya, na pia kwa nini dawa niliyoitolea kwanza ilikuwa mbaya kuipita.

Kwa wale wasiojua: siku ya Mungu, kisha kanisa, tunakutanaka watu watano hapa Luberizi, tunakaa kwenye meza. Kila mmoja ana fishi ya mhusika wake: mpiganaji, mwizi, mganga. Mmoja ni mwongozaji, yeye njo anasema tumefika wapi na tumekuta nani. Mhusika wako akitaka kufanya jambo gumu, unatupa kete ya pande 20, unaongeza namba iliyo kwenye fishi yako, na mwongozaji anasema kama imewezekana. Mchezo ni Dungeons & Dragons, ulianzia Marekani mwaka 1974, na sheria zake za msingi ziko bure kwa Kifaransa kwenye intaneti. Kete yenyewe hatuna. Tuliandika namba 1 mpaka 20 kwenye vipande vya kartoni, tunavikoroga ndani ya kikombe.

Katika toleo la 2014, kutoa hadisi kumewekwa ndani ya uwezo mmoja pamoja na muziki, kucheza ngoma na kuigiza. Ugumu ni 10 kwa jambo rahisi, 15 kwa la katikati, 20 kwa gumu. Basi. Hadisi gani, mbele ya nani, kwa kutafuta nini? Sheria haiulizi.

Mwenzetu mmoja alichagua kuwa mtoa-hadisi. Tulifika kwenye daraja, walinzi wakadai malipo ambayo hatukuwa nayo. Akasema: "Nabatolea hadisi." Akachomoa kartoni: 18, na 6 ya fishi, 24. Mwongozaji akajibu: "Bamefurahi, mupite." Tukapita. Hakuna aliyejua walinzi walisikia nini, ata mtoa-hadisi mwenyewe.

Mimi ni mtu wa agronomi. Ukiniambia tu kwamba shamba la mupunga limetoa tani 3 kwa hekta, bado sijajua kitu. Nitauliza masuke ni mangapi kwa metre moja ya mraba, kila suke lina mbegu ngapi, ngapi zimejaa, mbegu elfu moja zina uzito gani. Hapo njo naona shamba liliugulia wapi. Ile 24 ni tani bila shamba.

Kwa hiyo nikaleta sheria yangu: mwenye mtoa-hadisi atoe hadisi kweli, kwa kinywa chake, na kete iwekwe pembeni. Wote wakakubali haraka. Lakini yule mwenzetu ana kigugumizi. Siku hiyo alianza, akakwama kwenye neno la tatu, mtu akammalizia, akakwama tena, mtu mwingine akamalizia. Akakunja fishi yake, akasema anaenda kuangalia kitalu cha mupunga. Ilikuwa saa kumi na giza linakuja na mvua. Kitalu gani?

Kumbe kete ilikuwa inamlinda. Yeye hawezi kuinua upanga wa kilo kumi, na hakuna anayemwomba auinue pale mezani. Mbona tumwombe ulimi ambao hana? Kuna mchezo wa Mwingereza James Wallis, wa 1998, juu ya Baron Munchausen: hauna kete wala mwongozaji, kila mtu anatoa kisa chake, na wenzake wanasukuma sarafu mbele kumkatiza. Ni mzuri sana, lakini umeachia kila kitu ulimi wa mchezaji.

Jibu nililipata kwenye kitabu ambacho hakihusu michezo. Mwaka 1956, huko kwa Wanyanga upande wa Walikale, Shé-Kárisi Rureke alitoa utendi wa Mwindo kwa siku 12, na watu wa Daniel Biebuyck waliuandika. Biebuyck na Kahombo Mateene waliutoa kitabu mwaka 1969. Wengi wetu tumesikia tu jina la Mwindo, mtoto ambaye baba yake Shemwindo alimfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mimi kilichonishika ni namna ya kutoa. Rureke hakuwa peke yake: vijana walimpigia fimbo, watu walimwitikia nyimbo, walimpa zawadi ndogo ndogo. Na yeye mwenyewe alisema hajawahi kuutoa wote mfululizo. Kwa kawaida ni vipande. Mtaalamu mkubwa vile, na kazi nusu iko kwa wasikilizaji!

Wabunifu wa ile sheria wameipima midomo ya mtu mmoja na kuwasahau waliokaa mbele yake.

Sasa tunafanya hivi. Mtoa-hadisi anasema mambo mawili tu: hadisi ni ya nani, na anataka wasikilizaji wafanye nini. Siye wengine tunakuwa walinzi wa daraja, kila mmoja anauliza swali moja. Kwa kila swali anachomoa kartoni. Akifika 15, anajibu yeye, ata kwa neno moja. Asipofika, aliyeuliza anajijibu mwenyewe, na jibu linaingia ndani ya hadisi.

Juma lililopita alisema: "Ni ya nyoka. Nataka balale." Nikauliza nyoka alikula nini. Akatoa 17, akasema: "Daraja." Tulicheka mpaka majirani wakatuangalia. Swali lililofuata akatoa 4, na mwenye kuuliza akasema nyoka bado ana njaa. Walinzi hawakulala, walikimbia, na punda wetu alikimbia pamoja nao.

Mwongozaji analalamika kwamba tumemaliza saa moja nzima kwenye daraja moja. Ana haki. Bado natafuta namna ya kufupisha, labda maswali matatu tu, mwenye wazo aandike hapa chini.