Sanamu ya Askari na Njia ya Maktaba

Sanaa iliyowekwa barabarani haifanani na kitabu. Kitabu hungoja mtu akifungue. Sanamu humkabili kila apitaye, apende asipende. Kwa sababu hiyo sisi wapita njia tunayo haki ya kuihakiki kama tunavyohakiki kitabu. Inasema nini? Inamsemea nani? Je, ahadi yake imetimia?

Nichukue mfano wa Sanamu ya Askari, katikati ya Dar es Salaam, katika Barabara ya Samora. Mahali hapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao, Hermann von Wissmann, juu kabisa, na chini ya miguu yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliiondoa. Mwaka 1922 ilisimamishwa tena Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Askari wetu wa sasa, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, alizinduliwa mwaka 1927.

Kwa upande wa usanii, nakiri kwamba ni kazi njema. Mwili umeinama mbele kidogo, bunduki imeshikwa kwa mikono miwili, singe imeelekea bandarini. Hakuna bwana wa kumtazama. Yuko juu peke yake. Ukimlinganisha na yule aliyekaa miguuni pa Wissmann, utaona kwamba mtu mweusi amepandishwa cheo, walau katika shaba.

Lakini soma maandishi yaliyo chini yake. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa hati mbili, ya Kiarabu na ya Kirumi. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Yanawakumbuka askari na wapagazi, na yanawaahidi kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Hapo ndipo kazi hii inapojikwaa. Zunguka pande zote nne za jiwe lile utafute jina moja tu la Mwafrika aliyekufa. Halipo. Aliyeahidi kumbukumbu ya majina hakuandika hata moja.

Wala si watu wachache. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wapagazi waliokufa upande wao walizidi 40,000, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo kuliko kwa risasi. Kambi ya wapagazi hao ndiyo iliyoupa mtaa wa Kariakoo jina lake, kutokana na neno la Kiingereza la kikosi chao. Tena wako wenyeji wa nchi hii waliopigana na kubeba mizigo upande wa Wajerumani. Hao sanamu haiwataji kabisa, ingawa mama zao waliwalilia vilevile.

Nilipokuwa nikifundisha walimu, niliwapeleka wanachuo pale na kuwataka wasome. Hati ya Kiarabu waliisoma wawili watatu; waliobaki waliitazama kama mapambo. Maneno ya Kiswahili ya babu zao yalikuwa mbele ya macho yao, nao hawayaoni. Niliona kwamba sanaa ya hadhara isiyo na mfafanuzi hugeuka kuwa kizuizi cha magari tu.

Mfafanuzi huyo hayuko mbali. Ukiiacha sanamu ukafuata Mtaa wa Azikiwe, utaingia Mtaa wa Maktaba, nao utakufikisha Maktaba Kuu ya Taifa, aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Mle ndani, karatasi dhaifu inaweza kufanya lile ambalo shaba haikulifanya. Shaaban Robert hakuwa na kiwanda cha kuyeyusha madini, lakini aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, na kwa kitabu hicho kidogo mwanamke aliyeuza vyungu Unguja, kisha akaimba hadi sauti yake ikasikika pwani yote, ana jina, ana wazazi, ana kijiji, ana huzuni na furaha. Askari wa shaba ana nini katika hayo?

Wako wanaotaka sanamu hii ing'olewe kwa kuwa ni ya wakoloni. Mimi siungi mkono. Ukiing'oa, utakuwa umeufuta hata ule ushahidi mdogo kwamba watu hao waliishi. Ninalotaka ni gumu zaidi: kila mwalimu awachukue watoto wake kutoka kwenye sanamu hadi maktabani kwa miguu, kisha awatume nyumbani wakaulize ni nani katika ukoo wao aliyebeba mzigo katika vita vile. Waliokwenda hawapo tena, na waliosimuliwa na wajukuu wao nao wanapungua kila mwaka. Jina litakalopatikana liandikwe katika daftari, na daftari liwekwe maktabani. Ahadi ya mwaka 1927 ilitolewa kwa niaba yetu bila ya sisi kuulizwa. Hata hivyo, deni ni letu.