Riwaya Inapogeuka Filamu: Fikira juu ya Kazi Tatu

Kila riwaya inayopendwa inapogeuzwa kuwa filamu, hukumu ya kwanza itolewayo na wasomaji wake ni hukumu ya hesabu. Huhesabiwa yaliyotiwa na yaliyoachwa: mhusika fulani hayumo, safari fulani imefupishwa, mwisho umebadilika. Hesabu ikiisha, filamu hupewa sifa kwa kadiri ilivyokifuata kitabu, au hulaumiwa kwa kadiri ilivyokiacha. Kipimo hiki ni chepesi kutumia, na kwa sababu hiyo kimeenea; lakini hakifai. Riwaya si orodha ya matukio. Ni matukio yaliyopita katika ulimi wa msimulizi, na filamu, kwa tabia yake, mara nyingi haina ulimi huo. Swali listahililo kuulizwa ni hili: msimulizi akiisha kuondoka, ni kitu gani kinachosimama mahali pake?

Napenda kulijibu swali hilo kwa kazi tatu ambazo zimekaa katika kumbukumbu yangu, kila moja ikiwa riwaya na filamu pia. Sikuzichagua kwa kuwa zapita nyingine zote kwa ubora. Nimezichagua kwa kuwa kila moja ina uhusiano wake wa namna ya peke yake baina ya lugha ya kitabu na lugha ya filamu, na jambo hili lawahusu sana watu ambao kazi yao ni kuichungua lugha.

Ya kwanza yatoka Bengali. Bibhutibhushan Bandyopadhyay alitoa riwaya yake Pather Panchali katika kitabu mwaka 1929, na Satyajit Ray akaitengenezea filamu ya jina hilo hilo, iliyoonyeshwa mwaka 1955. Hapa lugha haikubadilika: kitabu ni cha Kibengali, na filamu ni ya Kibengali. Habari yenyewe ni ya nyumba moja ya kimaskini kijijini: Harihar, mtu wa dini anayetamani kuwa mwandishi, mkewe Sarbajaya, ambaye umaskini umemfanya mkali, binti yao Durga, mtoto wao mdogo Apu, na bibi kizee Indir Thakrun, asiyekuwa na mahali pengine pa kwenda.

Katika riwaya, Durga na nduguye hutamani sana kuliona gari la moshi. Huondoka kwenda kulitafuta, wasilione. Na msichana huyo hufariki dunia bila ya kupata kulitazama. Katika filamu, watoto hao wawili hupita katika konde la majani marefu yenye maua meupe, wakasikia mvumo, wakakimbia, na gari la moshi likapita mbele yao na moshi wake mweusi. Mwenye kupima kwa hesabu atasema kwamba Ray ameharibu jambo kubwa, maana amempa Durga kile ambacho mwandishi alimnyima. Mimi naona vingine. Msimulizi wa riwaya aweza kutueleza juu ya kitu kisichoonekana, na kwa maneno akaturejeza mara kwa mara kwenye tamaa isiyotimizwa. Kamera haiwezi kupiga picha ya kitu ambacho hakikuonekana. Basi Ray ameigeuza hasara ya Durga: badala ya msichana aliyekufa bila ya kuona, tuna msichana aliyeona mara moja tu. Ni huzuni nyingine, lakini uzito wake ni mmoja.

Ushahidi wa pili katika filamu hiyo ni kilio cha mama. Harihar arudi nyumbani baada ya kukaa mbali muda mrefu, hajui kwamba binti yake amekufa. Atoa zawadi alizoleta, moja baada ya moja, mpaka aifikie sari aliyomnunulia Durga. Sarbajaya aishika nguo ile, uso wake wavunjika, kinywa chafunguka. Lakini sauti tunayoisikia si yake. Ni sauti kali ya juu ya ala ya nyuzi iitwayo tar-shehnai. Mahali ambapo mwandishi angelitafuta sifa ya kilio, Ray ameliondoa hata neno moja la mwisho, akaweka muziki. Twaona hapo kwamba mrithi wa msimulizi si lazima awe picha. Aweza kuwa sauti isiyo na maneno.

Ya pili yatoka Senegali, nayo ni kinyume cha ile ya kwanza, maana lugha ya kitabu ni moja na lugha ya filamu ni nyingine. Ousmane Sembène, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2007, alipata kuwa kuli wa bandari huko Marseille kabla ya kuwa mwandishi. Aliandika kwa Kifaransa. Mwaka 1966 ilitoka hadithi yake Le Mandat, na mwaka 1968 aliitengenezea filamu, Mandabi, iliyozungumzwa kwa Kiwolofu. Fedha za Ufaransa zilisaidia kuitengeneza, na kwa hiyo ilipigwa pia nakala ya Kifaransa. Lakini ile ya Kiwolofu ndiyo iliyofungua njia, kwa kuwa ilikuwa miongoni mwa filamu ndefu za kwanza kabisa za Afrika ya Magharibi kutengenezwa kwa lugha ya wenyeji.

Habari yake ni nyepesi. Ibrahima Dieng, mtu mzima wa Dakar asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto wengi, apelekewa hawala ya posta ya faranga 25,000 na mpwa wake aliyeko Paris. Sehemu kubwa ya fedha ni ya mpwa mwenyewe, ya kuwekewa. Kidogo ni ya mama yake kijana, na kidogo ni ya Dieng. Ili kuipokea fedha hiyo Dieng atakiwa aonyeshe kitambulisho. Ili apate kitambulisho atakiwa alete cheti cha kuzaliwa na picha. Ili apate cheti atakiwa ajue tarehe ya kuzaliwa kwake. Wakati anapohangaika toka dirisha hili hadi dirisha lile, wake zake wamekwisha kukopa chakula dukani, na majirani wamekwisha kuja kuomba. Mwishoni jamaa mmoja aliyesoma, mwenye suti na motokaa, amtia sahihi hati ya uwakili, ajichukulia fedha, kisha adai kwamba zimeibwa.

Tukio hilo twalikuta katika kitabu na katika filamu vile vile. Lakini katika kitabu maneno yote, ya Dieng na ya makarani, yameandikwa kwa Kifaransa. Msomaji hana budi kukumbuka mwenyewe kwamba Dieng hasemi hivyo. Katika filamu hana haja ya kukumbuka. Nyumbani Dieng asema Kiwolofu, na usemi wake ni wa mtu mwenye heshima zake, mwenye kujua kuamrisha na kujua kushukuru. Akisimama mbele ya karani arushiwa Kifaransa, na mara moja mtu mzima yule awa kama mtoto. Mwendo wake hubadilika. Hata kanzu yake kubwa, ambayo mtaani ilikuwa fahari, ofisini yaonekana mzigo. Lugha ambayo katika kitabu ilikuwa chombo cha kusimulia imekuwa katika filamu ukuta unaosikika. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba Mandabi imetafsiri kitabu. Imekirudisha kitabu katika lugha ambayo habari yake ilitokea, na kwa kufanya hivyo imesema jambo ambalo kitabu hakikuweza kulisema. Si ajabu kwamba miaka michache baadaye Sembène alishirikiana na Pathé Diagne kuanzisha gazeti la Kiwolofu, Kaddu.

Sasa tuje kwetu. Filamu za Kiswahili si jambo la jana. Mapema katika miaka ya 1950 zilipigwa filamu Tanganyika, kama Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alikuwa mwigizaji. Lakini filamu iliyotoka katika riwaya ya Kiswahili yenye jina kubwa ni kitu adimu. Ndiyo maana Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, yastahili kutazamwa kwa makini. Riwaya ni ya Adam Shafi, nayo ilitoka mwaka 1999, miaka ishirini baada ya Kuli, riwaya yake ya makuli wa bandari ya Unguja.

Jina la riwaya lenyewe ni somo la sarufi. "Vuta" ni amri kwa nafsi ya pili. "N'kuvute" ni jibu la nafsi ya kwanza, na kiambishi chake kimekatwa irabu kama kinavyokatwa katika mazungumzo ya Unguja, kikafuatwa na kiambishi cha yule avutwaye. Watu wawili wamo ndani ya maneno mawili, nao wameshika kamba moja: kila mmoja ni mvutaji, na kila mmoja ni mvutwaji. Jina ambalo filamu ilipewa kwa watazamaji wa nchi za nje lautaja mchezo wa kuvuta kamba tu. Kamba imebaki, watu wamepotea.

Yasmini ni msichana wa Kihindi aliyeozwa mwanamume mwenye umri wa kumzaa. Aivunja ndoa hiyo, jamaa zake wamkataa, naye akaingia katika maisha ya Ng'ambo, ambako akutana na Denge, kijana anayepigana na utawala wa Kiingereza kwa siri. Katika riwaya, msimulizi ndiye mwenyeji wetu. Anaijua mitaa, anajua mzaha wa watu wake, na hata majina aliyowapa wahusika ni maoni: askari anayewaandama wapigania uhuru aitwa Koplo Matata, na msomaji hucheka kabla askari huyo hajafanya lolote. Kiswahili chake ni cha barazani, chepesi, chenye methali pasipo kuzitangaza.

Filamu imemwondoa mwenyeji huyo. Waigizaji Ikhlas Gafur Vora na Gudrun Columbus Mwanyika, wenye nafasi za Yasmini na Denge, husema maneno machache kuliko wenzao wa kitabuni. Kamera hukawia juu ya uso, juu ya kuta, juu ya kivuli na mwanga wa taa. Taarabu husema mengi ambayo msimulizi angeyasema. Naona kwamba Shivji amefuata njia ya Ray kuliko ya Sembène, na hakuwa na njia nyingine. Riwaya ya Adam Shafi haikuwa na haja ya kurudishiwa lugha yake, maana haikupata kutoka ndani ya lugha hiyo. Filamu ilibakiwa na kazi ya kutafuta kisichosemeka. Nadhani imekipata katika ukimya wa Yasmini. Kitabu hutueleza upweke wake, filamu hutuacha tuusikilize. Lakini imelipa bei, na bei hiyo ni kicheko. Mzaha wa Ng'ambo, ambao katika riwaya ni silaha ya wanyonge mbele ya serikali, umepungua sana. Na ukipungua, siasa za Denge huonekana nzito na za peke yake, hali katika kitabu zilikuwa za mtaa mzima.

Hapo ndipo penye jambo la haja kwetu. Vuta N'kuvute ni kitabu kilichoingia madarasani. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na nakala chache ataona ni nafuu kuwaonyesha filamu, na mwanafunzi aliyeitazama ataandika mtihani kana kwamba amekisoma kitabu. Wako wanaosema, kwa sababu hiyo, kwamba filamu ni adui wa riwaya. Siwakubali. Adui ni kile kipimo cha hesabu. Ikiwa tumemfundisha mwanafunzi kwamba riwaya ni matukio, ana haki ya kuyapata matukio kwa njia fupi. Ikiwa tumemfundisha kwamba riwaya ni ulimi, atajua mwenyewe kwamba filamu haikumpa ulimi huo, na atakwenda kuutafuta mahali ulipo.

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili. La kwanza, wahakiki wetu wasiishie kusema kwamba filamu imefuata kitabu au haikukifuata. Waonyeshe ni chombo gani kilichochukua nafasi ya msimulizi, na kama chombo hicho chatosha. La pili ni la kazi za chuo. Maneno yanayosemwa katika filamu za Kiswahili ni ushahidi wa lugha: lafudhi, mikato, istiara za mitaani, namna kijana anavyomjibu mzee. Ushahidi huo hauko katika kamusi, na miswada ya filamu hupotea upesi, maana ikiisha kutumiwa hakuna mwenye kuitaka. Yafaa taasisi zetu ziikusanye na kuihifadhi pamoja na tenzi na hati za kale. Pindi mtafiti wa miaka hamsini ijayo atakapotaka kujua jinsi Waswahili wa leo walivyoitamka riwaya yao, awe na mahali pa kwenda.