Kumpima Golikipa Chipukizi: Mwongozo kwa Wasaka Vipaji wa Buhongwa

Golikipa kijana husifiwa mara nyingi kwa jambo ambalo lingepaswa kumtia mpimaji shaka. Anaporuka hadi pembe ya juu ya lango na kuupangua mpira kwa ncha za vidole, watazamaji hushangilia, ilhali mruko huo huenda umetokana na kosa lililoutangulia, yaani kusimama mahali pasipofaa au kuchelewa kusogeza miguu, na mlinda mlango aliyejipanga vizuri angeudaka mpira uleule kifuani bila kukumbukwa na yeyote. Kwa hiyo anayesaka kipaji katika mechi za shule na ligi za mtaani za Buhongwa, kata iliyo kusini mwa Jiji la Mwanza kwenye barabara iendayo Shinyanga, hana budi kuacha kuufuata mpira na kumkodolea macho golikipa mwenyewe, hata wakati mchezo uko upande wa pili wa uwanja.

Kipimo cha kwanza ni namna anavyoziba pembe. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na hakuna awezaye kulifunika akiwa amesimama mstarini. Kila hatua anayopiga kumwelekea mshambuliaji humpunguzia huyo sehemu ya lango anayoiona, ingawa humwacha kipa katika hatari ya mpira wa kuinuliwa juu ya kichwa chake. Kijana mwenye kipaji husogea kwa hatua fupi kadiri mpira unavyohama kutoka kwa winga hadi katikati, naye, hili likiwa ndilo gumu kuliko yote, huwa ametulia tuli, magoti yamekunjwa kidogo na uzito uko mbele ya nyayo, pale mguu wa mpigaji unapougusa mpira. Anayekutwa bado anatembea hushindwa kurukia upande anaoupa kisogo. Penalti, ambazo hupendwa sana na wanaotafuta mashujaa, hazifai kuwa kipimo, kwa kuwa mkwaju wa kasi ya kilomita 100 kwa saa kutoka mita 11 hufika langoni kwa takriban sekunde 0.4, muda usiomwachia mtu nafasi ya kungoja na kuona, na mikwaju mitano haitoshi kumtenganisha hodari na mwenye bahati.

Mikono hupimwa kwa kile kinachofuata baada ya mpira kuguswa. Kupangua ni kuuelekeza mpira nje au pembeni kwa makusudi. Kutema ni kuuacha udondoke mbele ya lango, miguuni mwa mshambuliaji. Katika viwanja vya udongo mgumu, hasa miezi ya kiangazi, mpira hudunda ovyo na kubadili njia hatua moja kabla ya kumfikia kipa, na hapo kutema mara moja au mbili kunastahili kusamehewa, mradi mwili ulikuwa nyuma ya mikono. Kijana huyohuyo aonekane pia kwenye nyasi bandia za Uwanja wa Nyamagana, ambako mpira hutambaa bila kubadili njia ovyo na visingizio vya ardhi hukoma.

Krosi ndiyo hutoboa siri ya moyo. Golikipa anayebaki kwenye mstari kila mpira unapoelea ndani ya eneo lake hakosi ujuzi peke yake, huenda anaogopa kugongana, na woga huo ni mgumu kurekebishika kuliko kasoro yoyote ya mbinu. Atazamwe kama anawaita mabeki kwa sauti kabla ya hatari kufika, kama anapotoka hutoka kikamilifu bila kuishia njiani, na hasa jinsi anavyocheza dakika kumi zinazofuata goli la kizembe. Miguu nayo haiwezi kupuuzwa tena: tangu mwaka 1992 kipa haruhusiwi kuudaka mpira aliorudishiwa kwa makusudi na mguu wa mwenzake, na tangu 2019 beki anaweza kupokea mpira wa goli ndani ya eneo la penalti, mambo yaliyomfanya mlinda mlango kuwa mwanzilishi wa mashambulizi.

Urefu ni muhimu, lakini urefu wa mtoto wa miaka 13 hauelezi atakavyokuwa akiwa na 19, na waliobalehe mapema hung'ara kwa muda huku wenzao wakingali wanakua. Hapa suala la umri wa kweli huingia kwa uzito wake. FIFA ilianza mwaka 2009 kutumia picha za sumaku za kifundo cha mkono, zinazoonyesha kama mifupa imekwisha kuungana, katika mashindano ya chini ya miaka 17, na Serengeti Boys, timu ya Tanzania ya umri huo, walicheza fainali za Afrika za 2017 nchini Gabon baada ya Kongo Brazzaville kuenguliwa kwa kushindwa kumleta mchezaji wake apimwe. Cheti cha kuzaliwa chenye shaka humharibia kijana hesabu nzima ya makuzi yake.

Klabu kubwa, kwa upande wao, hupendelea kununua kilichokwisha kuiva: Yanga ilimchukua Djigui Diarra kutoka Stade Malien mwaka 2021, na Simba ikamsajili Ayoub Lakred mwaka 2023, kisha Moussa Camara mwaka 2024. Uamuzi huo unaeleweka, kwani kosa la kipa huonekana ubaoni papo hapo, lakini unawanyima vijana wa nchini dakika za kukomaa katika nafasi ambayo ukomavu wake huchelewa. Mzigo wa kusubiri hubebwa na vituo kama shule za Alliance za Mwanza na timu ndogo za kata.

Timu hizo zina haki ambayo nyingi huipoteza kwa kukosa karatasi. Mchezaji anapouzwa kwa klabu ya nchi nyingine mkataba wake ukiwa hai, kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu unaofuata. Klabu iliyokaa naye misimu minne ya mwanzo ingepata dola 2,000 katika mauzo ya dola 200,000, fedha za kununulia glovu na mipira kwa watoto wengi. Hulipwa tu klabu ambayo usajili wake wa mchezaji unaonekana katika kumbukumbu za shirikisho, kwa hiyo kijana wa miaka 12 anayeaminiwa kuwa na kipaji asajiliwe TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kwa jina na tarehe yake halisi katika msimu uleule anaoanza kufundishwa, hata kama bado glovu zinampwaya.